Mwenyekiti Alainishwe

Yadi ile ya malori haikuwa na tabia ya kumpa mtu wa chini kitu kipya. Ndoo ilitumika mpaka ikatoboka, ikazibwa kwa lami, ikatoboka tena upande wa pili, na bado mtu akaambiwa aibebe hivyo hivyo, aiinamishe kidogo. Kwa hiyo asubuhi ile Kasuku alipotokea na ndoo mpya, sifongo ambayo bado iko ndani ya karatasi yake na kopo zima la mafuta ya ngozi, Shangazi hakushukuru. Aliweka mikono kiunoni akamtazama, kama unavyomtazama mgeni anayetanguliza zawadi na shida yake hajaisema.

Kasuku ndiye aliyekuwa msimamizi wa yadi. Jina hilo alipewa na madereva, kwa sababu neno la Meneja alilibeba kama trei ya mayai: halipunguzi, haliongezi, wala haulizi limetagwa na nani. Siku moja Meneja alipiga simu akasema dereva fulani akanyage mafuta, mzigo unangojwa. Kasuku akaenda mbio, akafikisha vile vile, tena akamwonyesha yule dereva dimbwi la oili chini ya lori bovu, kwamba mafuta yenyewe ndiyo yale pale. Madereva walicheka mpaka kicheko kikachuja. Yeye hakuona kichekesho. Alitumwa, akafikisha.

Leo alisema kazi ni lile lori jekundu. Viti vioshwe, vipakwe mafuta, vilainike, na viwe tayari kabla ya kikao cha alasiri.

Lile jekundu lilikuwa limeletwa siku za karibuni, limetumika huko lilikotoka lakini bado lina heshima yake, na ndilo pekee yadini lenye viti vya ngozi. Mengine yote yalikuwa na viti vya plastiki iliyopasuka, sifongo imetoka nje kama ulimi wa mbwa, na dereva mwenyewe ameziba kwa gunia. Jekundu lilikuwa limeegeshwa peke yake kwenye kivuli cha ukuta. Kila dereva aliyepita alipunguza mwendo, akajifanya anatazama matairi.

Shangazi ndiye aliyesafisha ndani ya malori yote. Alikuwa mjane wa fundi viatu, na katika miaka ya ndoa alijifunza ngozi kama wengine wanavyojifunza mume: inapenda nini, inakasirishwa na nini, ukiikosea inakulipiza lini. Walimwita Shangazi wote, wakubwa kwa wadogo, kwa sababu mwenyekiti wa madereva alimwita hivyo, na mwenyekiti wa madereva alikuwa mtoto wa kaka yake. Yeye ndiye aliyemlea tangu kaka yake alipofariki.

Na kaka yake alifariki kwenye barabara ndefu, usukani mkononi, usingizi machoni, yuko peke yake. Jambo la kikao cha alasiri lilikuwa hilo hilo, halikubadilika hata nukta: madereva walitaka kila lori linalokwenda safari ndefu libebe madereva wawili, mmoja aendeshe, mwenzake apumzike. Wenye kampuni walisema mmoja anatosha. Walikuwa wamesema hivyo kabla ya msiba wa kaka yake, wakasema hivyo matangani, mikono ikiwa mifukoni, na wakaendelea kusema hivyo kila alipozikwa mwingine. Leo madereva walikuwa wameapa kuamua. Na kuamua kwao kulimtegemea mwenyekiti, kwa maana kundi lile lilikuwa na vichwa vingi lakini shingo moja.

Shangazi alipanda vidato vya lori, akafungua milango yote miwili upepo upite, akaanza.

Kwanza hakugusa maji. Mtu asiyejua hukimbilia maji, na maji juu ya mchanga ni msasa. Alipitisha brashi kavu kwenye mishono, akatoa mchanga, makombo, kifungo cha shati, na punje za kitu ambacho hakutaka kukijua. Kisha akachovya pembe ya kitambaa kwenye povu la sabuni nyepesi, akajaribu chini ya kiti, mahali ambapo jicho halifiki, kuona kama rangi itatoka. Haikutoka. Ndipo akaja juu. Povu tu, maji kidogo, brashi laini, akizungusha mkono polepole kama anayemwogesha mtoto kichwani. Palipokuwa na tundu ndogo ndogo za kupitishia hewa alipita kwa kitambaa kilichokamuliwa, maana maji yakizama mle yanaozesha sifongo, na kiti kinaanza kunuka kama siri.

Uchafu ulitoka, maji ya ndoo mpya yakawa meusi. Chini ya weusi ule ngozi ilikuwa ya rangi ya karafuu. Kwenye kiti cha dereva palikuwa na alama nyeupe za chumvi, jasho la mtu fulani aliyeketi hapo safari nyingi katika nchi nyingine. Shangazi alimpa pole mtu yule, kimoyomoyo, akamfuta.

Kasuku hakuondoka. Alisimama chini, kikombe cha chai mkononi, akisimamia. Alimwambia ashughulikie kiti cha dereva tu, kile cha pembeni hakuna atakayekikalia. Shangazi alijibu kwamba ngozi haijui nani atakaa, akaendelea na vyote viwili. Kasuku akasema haya, lakini saa inakwenda. Shangazi akamuuliza haraka hii ya nini, jekundu limekaa pale bila hata kufutwa vumbi, leo ghafla linatafutiwa mafuta kama bibi harusi.

"Mimi nimeambiwa," Kasuku alisema, "na nilivyoambiwa ndivyo. Meneja kapiga simu asubuhi. Kasema, mwenyekiti alainishwe kabla ya kikao, jekundu ndilo la kutumia. Basi."

Brashi ilisimama mkononi mwa Shangazi.

"Hebu rudia."

"Mwenyekiti alainishwe kabla ya kikao. Jekundu ndilo la kutumia."

"Alainishwe, au kilainishwe?"

"Alainishwe. Ningeambiwa kilainishwe ningekwambia kilainishwe. Mimi neno la mtu silichezei, Shangazi, unanijua." Alikunywa chai. "Mwanzoni hata mimi ilinizungusha. Nikafikiri. Mwenyekiti si ndiyo mwenye kiti? Na kiti hapa yadini kisicho na mwenyewe ni kipi? Si hiki? Nikasema aa, kumbe viti."

Alisema hayo kwa fahari ya mtu aliyetegua kitendawili. Shangazi alimtazama kwa huruma ya kweli. Kiti kikitakiwa kulainishwa, mtu husema kilainishwe. Viwili, vilainishwe. Hata mtoto ambaye bado anaita maji "mamma" hasemi kiti alainishwe. Anayelainishwa kwa a ana pumzi, ana mgongo, na huyu alikuwa na shangazi.

Hakumwambia kitu. Alimwomba amjazie maji safi, na Kasuku, kwa kuwa ni neno, akalichukua akaenda.

Yadi ile ilikuwa na watu wengi wenye kumbukumbu fupi, na ufupi wake haukuwa bahati mbaya; mtu aliyechoka hakumbuki, na wao walichoshwa kwa mpango. Shangazi alikumbuka. Alimkumbuka mwenyekiti wa kabla ya huyu, mtu aliyekuwa na sauti ya kuita mvua. Alipanda juu ya bodi la lori akasema wawili wawili, la sivyo haliondoki gari. Wakamshangilia. Kesho yake akapewa chumba pale ofisini, ajadiliane na wakubwa kwa nafasi. Chumba kilikuwa na feni. Akaenda kujadiliana. Akajadiliana kiangazi chote. Kila madereva walipomfuata walimkuta ameinua shingo kidogo, upepo unampiga kidevuni, akiwaambia jambo lao linatazamwa. Wakamwita Feni mpaka alipostaafu. Hakuna aliyemnunua, ukimuuliza. Hakuhongwa. Alipoozwa tu.

Na hiyo ndiyo hila ambayo Shangazi aliiogopa kuliko ukali. Mtu ukimkemea anakaza. Ukimpa baridi kidogo kwenye jua, kivuli kidogo, neno la "wewe si kama hawa", anakuwa kama ngozi iliyolowekwa: unaikunja unavyotaka, na ikikauka inabaki na mkunjo wako.

Alifungua kopo la mafuta. Viti vilikuwa vimekauka kwa upepo, na kazi haina kosa. Ngozi ile haikumtuma mtu. Alichota kidogo kwa sifongo, kiasi cha ukucha, akaanza kuzungusha kuanzia katikati kwenda pembeni. Ngozi hainyweshwi kwa pupa. Ukiimwagia inatema, inabaki inateleza na kunata. Unaipa kidogo, unangoja, unaona ung'avu unazama, unaipa tena. Palikuwa na nyufa pembeni mwa kiti cha dereva, pale mtu anapopandia na kushukia. Hizo haziponi. Alizipitia kwa kidole chake mwenyewe, bila sifongo, akazituliza.

Mwenyekiti alimkuta hapo.

Alikuwa mtu mzima sasa, mabega mapana, mvi mbili tatu kidevuni, na alitembea kama watembeavyo madereva wote wa yadi ile wakifika umri wake, mkono mmoja nyuma ya kiuno, kana kwamba kiuno ni mzigo wa mtu mwingine alioombwa aushike mara moja. Alisimama kwenye kidato cha juu, akachungulia.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba. Vua viatu."

"Nivue viatu kwenye lori?"

"Vua. Na usishike pale, bado panakunywa."

Alivua. Shangazi alipitisha kitambaa kikavu kwenye kiti cha dereva, akasugua mpaka kitambaa kikaanza kuteleza chenyewe, akampisha. Mwenyekiti akakaa.

Kiti kilimpokea, kikashuka kidogo, kikamshika pale chini ya mgongo ambapo hakuna kitu kilichowahi kumshika miaka mingi. Mabega yakashuka. Mkono ukatoka kiunoni wenyewe. Akafumba macho, na Shangazi, aliyekuwa amejiandaa kwa maneno makali tangu asubuhi, akaona uso wa yule mtoto aliyekuwa akilala kwenye mkeka wake baada ya matanga, mdomo wazi, ngumi zimefungwa.

Hapo moyo ulimwingia maji. Mwenye tamaa ungemzaba kofi, yakaisha. Aliyechoka unamfanyaje?

Mwenyekiti alisema, macho bado yamefumbwa, kwamba jana Meneja alimshika bega. Alimwambia lile jekundu linatafuta mtu mzima, mtu mwenye busara. Alimwambia mengine ni ya kuongea baadaye, kikao kikienda vizuri. Alisimulia kwa sauti ya chini, kama mtu anayepima maji kwa mguu.

"Ukamjibuje?"

"Sijasema ndiyo."

"Wala hapana."

"Shangazi, wewe ukiona kuku amepewa mtama unatafuta kisu."

"Kwa sababu nimeona kuku wengi."

Alicheka kidogo. Shangazi hakucheka. Alikaa kwenye ukingo wa kiti cha pembeni, kitambaa mapajani, akamweleza asubuhi ilivyokwenda: ndoo mpya, kopo zima, Kasuku na chai yake, na neno lilivyobebwa bila kupasuka. Alilitamka kama lilivyotamkwa. Mwenyekiti alicheka kwa nguvu, akasema Kasuku huyo atakuja kutuua kwa kicheko, viti na mwenye kiti. Kisha kicheko kikapungua, kikabaki cha meno tu, na meno nayo yakafunikwa.

"Alainishwe," alisema polepole.

"Ndivyo."

Alitazama mikono yake juu ya usukani. Upepo ulipita mlango hadi mlango ukiwa na harufu ya mafuta ya ngozi, harufu nzuri, ya kitu cha watu wenye nafasi. Alipogeuka alikuwa amekasirika, na hasira ile haikuenda kwa Meneja, ilikuja kwa aliyekuwa karibu.

"Sasa unataka nini? Nikalie magunia mpaka nife, ili wewe ufurahi kwamba sikununuliwa? Kila mtu hapa ana mgongo, sawa. Na mimi ninao. Kiti kimoja tu, Shangazi. Kiti. Imekuwa dhambi?"

"Kiti si dhambi. Nimekisafisha mimi, ningejua." Alikunja kitambaa, akakikunjua. "Kaa, baba. Mgongo ni wako. Sitakwambia shuka. Ila ukae ukijua umekalia nini. Baba yako alipolala barabarani, kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu. Mimi ndiye niliyeitwa kumtambua. Sikuuliza alichokalia yeye kilikuwa ngozi au gunia. Nilitazama kile kitupu."

Hakuwahi kumwambia hilo. Alimwambia mengi katika kumlea, hilo alilihifadhi, na sasa limetoka hakuwa na la kuongeza. Mwenyekiti aliteremka. Alivaa viatu bila kufunga kamba, akaondoka kuelekea banda la matairi, hakuaga, kamba zikiburuta vumbini. Shangazi alimtazama mpaka alipopinda kona, na hakujua ataamua nini. Wapo watakaosema mlezi anamjua mtoto wake kama kiganja. Kiganja chenyewe nani anakijua, mpaka kiungue?

Alirudi kwenye kiti cha pembeni, akakipa mafuta mara ya pili.

Kikao kilifanyika chini ya banda la matairi, hatua chache kutoka pale lilipoegeshwa jekundu, na kwa kuwa milango ilikuwa wazi Shangazi alisikia kila kitu bila kuacha kazi. Madereva walikalia matairi. Meneja aliletewa kiti cha kukunja, akaketi, tai yake ikamwangukia mapajani, akaanza. Alisema sisi hapa ni familia moja. Shangazi alikuwa amelisikia neno familia katika yadi ile mara nyingi, na kila likitajwa kuna mtu anaombwa avumilie. Kwa mzee aliyeketi mbele Meneja aliuliza hali ya nyumbani, kwa vijana alitania mpira, na mwisho akasema kwamba kabla mwenyekiti hajafungua kikao, yeye ana habari njema moja ndogo ya kumhusu mwenyekiti mwenyewe.

"Samahani, mkubwa," mwenyekiti alisema. "Hiyo habari niitoe mimi. Ikitoka kwako itaonekana zawadi."

Alisimama, mkono kiunoni. Shangazi alisita na kitambaa hewani.

Hakupaza sauti. Aliwaambia wenzake kwamba jana alishikwa bega, akaahidiwa lile jekundu, na kwamba hakukataa. Alirudia hilo la kutokataa, ili asije mtu akamsifu bure. Aliwaambia amelikalia, na kiti kile ni kizuri, asiwadanganye, mgongo wake ulilia kwa furaha. Kisha akasema amepata kujua jina la kazi ile. "Imeagizwa hivi: mwenyekiti alainishwe kabla ya kikao, jekundu ndilo la kutumia. Nimekuja kuwauliza, ndugu zangu. Nimelainika?"

Watu walitazamana, wakipima kama wanaruhusiwa kucheka. Meneja aliufungua mdomo. Lakini Kasuku, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti cha kukunja, hakuweza kuvumilia mkubwa wake asingiziwe. Aliingia katikati kwa nia safi kabisa.

"Si yeye!" alisema. "Ni kiti! Meneja alisema alainishwe, mimi nikaelewa ni viti, nikampa Shangazi mafuta. Muulizeni. Neno ni lile lile, alainishwe, sikubadilisha hata herufi."

Ndipo banda lilipopasuka. Mtu alianguka kutoka kwenye tairi lake. Mzee mmoja wa mbele, aliyeitwa Honi kwa kuwa hapiti mbele ya nyumba yake bila kuwaamsha majirani wote, alishika tumbo akaomba asamehewe, akasema basi na mimi kesho nipakwe, nina nyufa. Meneja alikaa na mdomo wake ulio wazi. Akisema ni kiti, lugha yenyewe itamsuta. Akisema ni mtu, atajisuta mwenyewe. Aliufunga.

Kicheko kina kazi moja ambayo hotuba haiwezi. Watu waliokuja wanaogopana, kila mmoja akishuku mwenzake ameshikwa bega kisirisiri, walijikuta wametoa hofu yote kwa mdomo mmoja. Kilipotulia hawakuwa na haja ya kubishana sana. Mwenyekiti aliuliza nani anataka safari ndefu iwe ya watu wawili. Mikono ikainuka. Aliuliza nani hataki. Mkono mmoja uliinuka, wa kijana aliyesema hapendi mtu anayekoroma karibu naye, wakamwambia ataziba masikio.

Meneja alisema amewasikia, atalifikisha kwa wakubwa, litatazamwa.

"Feni naye alikuwa akilitazama," Honi alisema, bila ubaya wowote.

"Sisi hatugomi, mkubwa," mwenyekiti alisema. "Andika hivyo ukiwaandikia. Mizigo yote tunabeba, kuanzia leo jioni. Ila tunakwenda wawili wawili, sisi kwa sisi. Lori moja, watu wawili."

Meneja, ambaye hesabu aliijua, aliuliza na malori yatakayobaki bila dereva?

"Yatapumzika," mwenyekiti alijibu. "Nayo yamechoka."

Meneja alitazama yadi, malori yaliyopangwa safu kwa safu, na Shangazi kutoka juu kule aliona macho yake yakiyagawa nusu kwa nusu. Hakufoka. Watu wa namna yake hawafoki mbele ya wengi. Watatafuta bega jingine kesho, na keshokutwa, na hilo Shangazi alilijua vizuri kuliko alivyojua kuomba. Hakuna kilichokwisha. Aliondoka, akamwambia Kasuku alifunge lile jekundu. Kasuku akaja, akasema Shangazi, nimeambiwa lifungwe. Akasimama hapo akiona haya, akitaka kuuliza jambo, na alipoliuliza lilikuwa hili: je, alikosea? Shangazi alimwambia hapana, amefikisha vizuri mno. Kasuku akapumua.

Jua lilipokuwa linainama, malori ya kwanza yalianza kuwaka. Palikuwa na fujo ya watu kuhamisha blanketi zao, chupa za maji, mito, nani aende na nani, huyu anavuta sigara, yule anaimba. Mwenyekiti alipita mbele ya Shangazi amebeba godoro dogo lisilo lake. Alisimama. Hakuomba radhi, na Shangazi hakuwa anaingoja. Alimuuliza kama kiti cha pembeni kilikauka vizuri.

"Kimekunywa mara mbili," Shangazi alisema. "Kilikuwa na kiu kuliko kile kingine."

Akaitikia kwa kichwa, akapanda lori lake kuukuu upande wa usukani. Upande wa pili Honi alikuwa ameshaketi, amejifunga kilemba cha taulo, miguu juu. Injini iliguna, ikakohoa, ikakubali. Lori lilipopita langoni Shangazi aliwasikia wakibishana, madirisha wazi.

"Lala wewe kwanza, Babu."

"Nilale saa hizi? Mimi kuku?"

"Utalala lini sasa?"

"Ukichoka wewe."

"Nikichoka mimi unatakiwa uendeshe, si ulale."

"Ngoja," Honi alisema, "hebu ngoja. Anza tena, polepole. Hili jambo tumelipigania mno, lazima tulielewe."